Jumanne ya Saa Arobaini

Mama aliwahi kuniuliza kwenye simu,
mafuta yakilia kikaangoni nyuma yake:
"Huko uliko ni mbali kiasi gani?"
Nikamjibu kwa saa. Kilomita zilinitia aibu.
"Saa kumi na moja, Mama, angani."
Akacheka. "Kumbe! Basi la Santiago mpaka kwetu Temuco
ni saa tisa, dereva akishuka kula, kumi.
Hiyo si mbali, Nibaldo. Njoo Jumapili,
nitamchinja yule jogoo mkorofi."

Sikumwambia kwamba nauli ni miezi mitatu ya kukamua,
ng'ombe mia tatu na ishirini, alfajiri na alasiri,
wala kwamba kilomita elfu tisa mia sita na ushei
ni maji, maji, na tena maji.
Nikasema: Jumapili nyingine.
Jogoo akazeeka.

Edelmira alipiga Jumanne, saa nne asubuhi.
Nilikuwa naosha sakafu ya zizi, bomba mkononi.
"Ametutoka. Sasa hivi. Jumatatu, jua linazama."
Jumatatu?
Kwangu Jumatatu ilikwisha kufuliwa na kuanikwa.
Nilisimama Matamata, maji yakinijaa viatuni,
nikiwa na mama aliyekufa jana
na aliyekufa sasa hivi.

Hohepa alinipeleka Auckland kwa gari la maziwa.
Njia nzima hakusema neno,
ila mlangoni aliweka paji lake kwenye paji langu,
pua kwa pua, kama ilivyo kwao,
tukavuta pumzi moja.

Kwenye ubao wa safari iliandikwa:
kuondoka, Jumanne, saa kumi na mbili jioni;
kufika, Jumanne, saa saba mchana.
Nikasoma tena. Nitafika kabla sijaondoka.
Basi nikapiga hesabu ya mjinga:
kila ruko lanirudisha nyuma saa tano;
nikiruka mara nne, nne tu,
nitamkuta Jumatatu, jua bado juu ya paa,
anapepeta ngano, anamfukuza jogoo,
na dakika za kunywa chai zitabaki.
Mhudumu aliniomba pasipoti mara mbili.

Huko juu, usiku ulikuwa mfupi kama shati la kuazima.
Ndege ndogo ya kwenye skrini ilitambaa juu ya buluu
kama sisimizi juu ya kitambaa cha meza.
Na saa nne asubuhi ya Jumanne
ikanijia mara ya pili.
Ile ya kwanza, dakika moja kabla yake,
nilikuwa bado mtoto wa mtu.
Hii ya pili ilinikuta na kikombe cha plastiki
na mkate nisioweza kuumeza.

Kisha basi. Saa tisa.
Dereva akashuka kula; zikawa kumi.
Mama alisema kweli, ile ndiyo ilikuwa njia ndefu.
Nilibisha hodi saa sita kasoro usiku,
na bado, naapa, ilikuwa Jumanne.
Edelmira alinishika uso kwa mikono yenye unga.
Jogoo tulimla Jumatano, baada ya makaburi.
Alikuwa mgumu. Tulitafuna bila kutazamana.

Nilirudi Jumapili, ndege ya usiku wa manane.
Niliposhuka Auckland, ilikuwa Jumanne, kabla ya mapambazuko.
Jumatatu haikuwepo.
Jumatatu ya kwanza ya kutimiza wiki tangu afe,
siku niliyoiogopa kuliko zote,
ilidondoka mahali fulani juu ya maji,
na mimi nimelala, mdomo wazi, kama mtoto.

Hohepa alikuwa akiningoja na gari.
"Ni mbali?" aliuliza.
Nikatazama saa yangu. Ilikuwa bado na saa ya Temuco.
Sijairekebisha.